Masikio ya Baba Mkwe

Joash aliingia maktabani akiwa ameloa chapachapa, akasimama mbele ya meza yangu, akakodolea macho muhuri wa tarehe badala ya kunitazama mimi. Nikajua kuna jambo. Mwanamume ambaye mwaka mzima amekuwa akirudisha vitabu kimoja kimoja ili apate sababu ya kuniona, leo aje atazame muhuri?

Nje mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati hadi wasomaji wakakata tamaa na kwenda zao. Ndivyo ulivyokuwa mji wa Kisii mwezi wa Aprili, mwaka ule wa sabini na tatu: asubuhi jua, alasiri mawe.

"Karibu, Bwana Ombati," mwenzangu Zilpa Adoyo akamwambia. Zilpa ni mtu wa kando ya ziwa, na kwake mapenzi ya wengine ni sinema ya bure. "Leo umekuja kuazima kitabu au kuazima mtu?"

Joash hakucheka.

"Zilpa, tafadhali. Nataka kuzungumza na Sheba."

Zilpa akanitupia jicho, akachukua funguo, akaenda kufunga madirisha ya chumba cha magazeti ambayo tayari alikuwa ameyafunga.

"Haya, sema," nikamwambia. "Nani amekufa?"

"Baba alikuwa kituoni juzi."

"Kituo gani?"

"Cha majani chai. Kule Nyacheki. Kile cha juu."

Nilitaka kucheka. 

Acha nieleze. Mimi Bathsheba Nyanchera, binti wa Sironga, nilipelekwa Makerere kusomea ukutubi, nikarudi nikiwa na cheti na viatu vya kisigino. Nilidhani kazi yangu itakuwa kupanga vitabu na kuwaambia watoto wa shule wanyamaze. Lakini vitabu vilikuwa vikikaa tu kwenye rafu, safi, bila alama ya kidole, na akina mama wa vijijini hawakuwa na siku ya kuja mjini kuvisoma. Basi nikaanza kuwafuata. Gari la vitabu, dereva akiwa Ombui, lilitupeleka kwenye vituo vya kununulia majani chai. Pale mama anafika na kikapu chake mgongoni, majani yanapimwa, halafu anakaa chini kungoja lori, kwa sababu wakati mwingine karani wa mizani hukubali majani halafu lori likachelewa na majani yakachomeka kwa joto, na kila mtu anataka kushuhudia ya kwake yakipakiwa. Wanakaa saa nzima, saa mbili. Mimi nawasomea. Wengine nawafundisha kuandika majina yao mchangani.

Mmoja wao aliitwa Mong'ina. Alikuwa anacheka kila neno, hata nikisoma habari za mbolea. Mimba yake ya mwisho ilimvimbisha uso na mikono, akalalamika kichwa, akasema anaona vimulimuli machoni mchana kweupe. Kwao wakasema ni uchovu. Alikufa na mtoto tumboni. Na kijitabu kinachoeleza dalili zile zile, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili chepesi kabisa, kilikuwa hapa mjini, kimepigwa muhuri na kupangwa mahali pake.

Tangu siku ya mazishi yake nilikuwa nakisoma kile kijitabu kila kituo. Wala sikisomi kwa aibu. Nakisoma kwa sauti, nafafanua kwa Ekegusii, naonyesha kwa mikono: hapa ndipo mtoto anapolala, hapa ndipo anapotokea, hiki ndicho kinachochanika. Akina mama wanafunika nyuso kwa leso, wanacheka, kisha wanauliza maswali.

Na juzi barabara ya kituo cha chini ilikuwa tope tupu. Ombui akageuza gari, tukaenda cha juu. Nilijua kwao Joash wanapeleka majani pale. Lakini kupeleka majani ni kazi ya mama yake. Nikaangaza macho nikitafuta mwanamke mwenye macho ya Joash, sikumwona. Kando ya mizani palikuwa na mzee aliyevaa kabuti, kola imepandishwa hadi masikioni, nikadhani ni mlinzi. Nikafungua kijitabu.

"Mungu wangu," nikasema. "Yule wa kabuti?"

"Ndiye."

"Yule aliyeondoka akaacha kikapu kwenye mizani?"

"Ndiye, Sheba. Majani yake hayakupimwa. Alitembea mpaka nyumbani, akaketi nje, akakataa chakula."

"Nilisema... Joash, nilionyesha kwa mikono."

"Nimeambiwa."

"Amekuambia yeye?"

"Hakuniambia yeye. Angewezaje? Alimwita baba mdogo, baba mdogo ndiye akaniambia. Na yeye alikuwa anatazama ukuta."

Asiye Mgusii ataniuliza, sasa kosa liko wapi? Kosa ni chinsoni. Ni haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto, na anayeolewa nyumbani huwa mtoto. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkaza mwana hatamki neno la mwili baba mkwe akiwa karibu. Hata akiwa mjamzito anapita mbali. Bibi anaweza kumtania mjukuu vile apendavyo, hapo hakuna neno. Lakini mzazi na mtoto, hapana. Na mimi, ambaye wazee walikuwa waende kwetu Sironga kuzungumzia ng'ombe wa mahari mwezi ujao, nilikuwa nimesimama mbele ya baba mkwe wangu nikimwonyesha kwa mikono miwili mahali mtoto anapotokea.

"Hakunijua," nikasema. "Na mimi sikumjua. Hilo si kitu?"

"Alikujua. Karani alimwambia, 'Mzee, huyu ndiye madam wa maktaba, yule wa Joash wako.' Alimwambia ukiwa umeshaanza. Baba alitaka kuondoka, lakini akina mama walikuwa wameketi njiani mwake. Ikabidi asikilize mpaka wampishe."

Nilifunika uso kwa viganja. Naapa, hata leo nikikumbuka nasikia joto shingoni.

"Anasemaje?"

Joash akazunguka meza. Hakuwahi kuja upande wangu wa meza. Ilikuwa sheria yetu, kwa sababu ya watu. Akachuchumaa kando ya kiti changu, maji yakimchuruzika kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola ya shati lake la ofisi ya ardhi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hasemi wewe ni mbaya. Laiti angetukana, ningejua la kufanya. Anasema, 'Joash, nitapokeaje ugali mkononi mwake?' Basi. Hilo tu."

"Na wewe ulijibu nini?"

"Nilijibu nini? Ni baba yangu, Sheba."

 Huko chumba cha magazeti Zilpa alikuwa ameacha kutikisa funguo, kumaanisha masikio yalikuwa wima.

"Kuna njia," Joash akasema. "Baba mdogo ameipata. Sabato hii uje kanisani kwetu. Baada ya ibada, akina mama wakiwa wamekaa uwanjani, usimame. Useme yale uliyosoma kituoni ni maneno ya upuuzi, kwamba ulipewa tu ukayasoma bila kuyafikiria, na hutayasoma tena popote. Hapo itakuwa ni mtoto aliropoka. Mtoto akiropoka anasamehewa. Baba atachinja mbuzi, na mambo yatakwisha."

"Niseme ni upuuzi?"

"Ni maneno tu."

"Nitamwomba radhi, Joash. Nitapiga magoti kwenye tope, nitume mama, nitume shangazi, nitume yeyote. Masikio ya baba yako niliyakosea, sibishi. Lakini kijitabu hakikukosea."

"Baba hasomi kijitabu! Baba anakuona wewe!" Sauti ikapanda, akaishusha mwenyewe. "Nisikilize. Mimi ni mtoto wa kiume wa pekee. Nikimwacha yule mzee nikakuoa ofisini kwa DC, nani atamzika? Na ng'ombe wasipotoka kwake, wewe utakuwa nani pale? Watoto wetu watakuwa wa nani? Unajua haya kuliko mimi."

"Najua."

"Basi nisaidie. Mara moja tu. Dakika chache, Sheba, halafu tuna maisha yote."

"Na Mong'ina?"

Akafumba macho. "Mong'ina hayupo."

"Ndiyo maana nauliza."

 Kifungo cha juu cha sweta yangu kilikuwa kimefunguka. Akakifunga polepole, kwa vidole baridi vya mvua, kama mtu anayemwandaa mwenzake kwa safari. Hakuwahi kunigusa namna ile. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mama yangu alikuwa ameacha kuniuliza habari za kuolewa kwa sababu alichoka kujibiwa, na sasa hapa palikuwa na mwanamume ninayempenda, anatetemeka kwa baridi, ananiomba sentensi tatu. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumpiga.

"Nitakungoja langoni pa kanisa," akasema. "Usipokuja, nitajua."

Akatoka. Hakuchukua kitabu.

Zilpa alirudi akiwa na funguo mkononi na sura ya mazishi.

"Usiniambie hukusikia," nikamwambia.

"Nimesikia mpaka pumzi. Nyar Kisii, binti wa Kisii wewe, sikiliza ushauri wa bure. Nenda. Sema. Olewa. Ukishazaa mtoto wa kwanza, nani atakufuata kwenye vituo kuchunguza unasoma nini?"

"Akina mama watakuwa wamenisikia nikisema ni upuuzi."

"Watasahau."

"Watasahau kitabu, Zilpa. Upuuzi hawatausahau."

"Basi baki na vitabu!" Akakasirika kweli. "Vitabu vitakupashia chai? Usiku ukiumwa, vitakushika paji la uso? Mimi nina wanne na mume mlevi, na bado nikirudi nyumbani kuna anayeniita jina langu. Wewe utaitwa nani?"

Sikulala vizuri wiki ile. Sitajifanya shujaa: niliamua kwenda. Niliamua Alhamisi, nikipiga pasi gauni langu la buluu, nikajiambia Zilpa ana akili, nikajiambia nitatafuta mtu mwingine awasomee. Nikajipangia hata maneno, yale matatu, nikayasema mbele ya kioo. Yalitoka vizuri tu. Nililia kidogo, nikamaliza kupiga pasi.

Ijumaa mchana, Zilpa akiwa amekwenda posta, akaingia mama mmoja mrefu, kitambaa kichwani, viatu mkononi ili visiharibike kwa tope. Akasimama mlangoni akizitazama rafu kuanzia juu hadi chini. Kisha akanitazama, na yalikuwa macho ya Joash.

Nikasimama haraka hadi kiti kikaanguka.

"Keti, mwanangu," akasema kwa Ekegusii. "Mimi ni Esnah. Unanijua?"

"Nakujua, mama. Karibu. Karibu sana."

Viti vya karibu vilikuwa vile vifupi vya watoto. Akajikunja akaketi kimojawapo, magoti yakafika kifuani, na mimi nikaketi kingine. Siku nyingine ningecheka.

"Joash anatumaini kesho utakuja."

"Nitakuja, mama."

"Utasema yale maneno?"

"Nitayasema."

Akaitikia kwa kichwa, lakini uso haukufurahi. Akatazama mlango.

"Basi ndiyo maana nimekuja leo. Jua halijazama, Sabato haijaingia, na wewe bado si mtoto wangu." Akavuta pumzi. "Siku ile baba yake Joash alipeleka majani mwenyewe, unajua kwa nini? Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kwa binti yangu Marion, Keroka, alikoolewa. Ana mimba ya miezi minane."

"Nimesikia habari zake, mama. Anaendeleaje?"

"Amevimba. Si miguu tu; uso, vidole. Pete imekwama. Kichwa kinamuuma hataki mwanga. Jana nimerudi kwake, ameniambia anaona cheche."



"Mpelekeni hospitali, mama. Leo. Sasa hivi."

"Nilisema hivyo. Mama mkwe wake akasema ni uvivu wa wasichana wa shule. Mumewe akasema tungoje. Nikasema hapana, ni hatari. Wakaniuliza, hatari gani? Nikakosa la kusema, mwanangu. Nimezaa saba na sikuwa na neno hata moja. Na Marion mwenyewe siwezi kumuuliza mambo ya ndani, wala yeye hawezi kuniambia. Mimi ni mama yake. Nyanya yake angeweza, lakini amekufa." Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa mgumu kwa kuchuma chai. "Akina mama wa kituoni wameniambia una kitabu. Wamesema kinataja cheche. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nisomee. Nisomee chote, usiruke kitu. Nikifika Keroka nisimame mbele ya watu wale nikiwa na maneno."

Nikainuka kwenda rafuni. Nilikuwa nimekishika tayari aliposema nyuma yangu, polepole:

"Ngoja. Nisiwe mwizi. Nikuambie yote."

Nikageuka.

"Watu wa Keroka tunasali nao kanisa moja. Kesho watakuwapo uwanjani. Leo nikiwaambia, 'Kitabu cha maktaba kinasema,' kesho wakikusikia ukisema kitabu kile ni upuuzi, watamtoa Marion kitandani hospitali wamrudishe jikoni." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Halafu ukishanisomea mambo haya, mimi mama mkwe wako, kwa mdomo wako, hakuna mbuzi tena. Baba yake Joash ulimkosea hujui. Mimi utakuwa umenifanyia unajua. Baba mdogo hatapata njia nyingine."

"Mama, naweza kukuandikia..."

"Sijui kusoma. Na yule mama mkwe hajui. Mumewe hatasoma."

 Nje watoto wa shule walikuwa wakipita wakipiga kelele, Ijumaa yao imekwisha.

"Joash ni mwanangu," Esnah akasema. "Wiki nzima halali, anazunguka uani. Ananiuma. Marion naye ni mwanangu. Sikulazimishi. Ukisema niende, nitakwenda, na kesho nitakukaribisha nyumbani kwangu kwa mikono miwili, na sitakuambia tena jambo hili mpaka naingia kaburini."

Nilimfikiria Joash. Sitasema nilifikiria dunia na akina mama wa Gusii wote. Nilimfikiria Joash, vidole vyake baridi kwenye kifungo changu, na gauni la buluu lililoning'inia nyuma ya mlango chumbani kwangu. Nilimpenda mwanamume yule hadi mbavu zikauma. Nilisimama pale na kijitabu mkononi nikiomba Zilpa arudi, au mvua inyeshe, au mtu yeyote aingie aazime chochote.

Hakuingia mtu.

Nikarudi, nikaketi kwenye kiti cha mtoto, nikafungua ukurasa wa kwanza.  Nilisoma kwa Kiswahili, nikafafanua kwa Ekegusii, na penye kuhitaji mikono nikaonyesha kwa mikono. Esnah hakufunika uso. Alirudia kila dalili baada yangu, kwa sauti, akikunja kidole kimoja kimoja, na nilipofika penye cheche machoni alisema, "Rudia hapo," nikarudia. Nilimwambia amwambie daktari nini. Nilimweleza kwa nini mtoto huenda akatolewa mapema, na vipi. Nilimweleza yote ambayo mkaza mwana hamwambii mama mkwe mpaka dunia iishe.

Nilipomaliza, akainuka, akashika meza kidogo miguu imkubali. Akavaa viatu.

"Kuna gari la Keroka linaloondoka sasa hivi kule sokoni," nikasema. "Ukiharakisha utalipata. Mfike hospitali kabla ya giza."

"Nitalipata."

Alifika mlangoni, akasimama, mgongo ukiwa kwangu.

"Joash atakuwa langoni kesho," akasema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie nimekusomea."

Akaitikia kwa kichwa bila kugeuka, akatoka mbio kuelekea sokoni, mama mzima, kitambaa kikimwanguka mabegani. Nilikaa pale kwenye kiti kile cha mtoto. Zilpa aliporudi kutoka posta akanikuta nalia kwa sauti, ndani ya maktaba, na hakuniambia ninyamaze.